Namba Niliyoitunga

Jumamosi ile asubuhi, Davor akiwa bafuni ananyoa ndevu na kuimba vibaya kama kawaida yake, nilitoa karatasi moja mkobani nikaiweka juu ya meza ya jikoni, chini ya bakuli la machungwa, nusu ndani nusu nje. Nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama. Ilionekana kama karatasi iliyosahauliwa. Ndivyo nilivyotaka.

Zilibaki wiki tisa tufunge ndoa.

Karatasi yenyewe ilikuwa na mchoro mmoja na mstari mmoja wa namba, na vyote vilikuwa vya uongo. Nilikuwa nimevitunga mwenyewe siku iliyotangulia, ofisini, mlango nimeufunga kwa ufunguo, kana kwamba naiba kitu cha mtu.

Mimi napima, Davor anabashiri. Hivyo ndivyo nilivyomweleza baba siku ya kwanza nilipomtaja mwanamume huyu, na sijapata njia fupi kuliko hiyo. Kwenye maabara yetu hapa Michigan kuna mashine inayorusha viini vya atomu kwa kasi ya kutisha. Mimi huvipitisha viini vya bati la aina adimu, lile lisilodumu hata dakika moja, kando ya kipande cha madini ya risasi. Umeme wa ile risasi unavitikisa. Kiini kikitikiswa huitika: protoni zinavutika huku, nyutroni zinabaki kule, na mimi na vyombo vyangu tunaandika kimeitika kwa nguvu gani, na kwenye ngazi gani ya nishati. Davor hana chombo hata kimoja. Ana milinganyo na kompyuta. Anakitikisa kiini kwenye hesabu, kisha anatangaza kwamba kikipigwa hivi kitaitika hivi. Nikishapima, ndipo watu wanajua kama alisema kweli.

Kwa sababu hiyo tulikuwa na sharti, tangu wiki ya kwanza alipohamia kwangu na masanduku yake mawili na birika lake la kahawa. Mimi simwoneshi vipimo kabla havijatangazwa. Yeye haniulizi. Mbashiri aliyechungulia jibu hana tena anachobashiri, na katika kazi yetu jina likichafuka hivyo halisafishiki.

Mwaka mzima sharti lile halikutusumbua. Kisha ikaja Februari.

Nilikuwa nimepima bati la aina mbili, moja lina nyutroni chache kidogo, jingine lina nyingi zaidi. Siku moja ya mwezi huo Davor alisimama mbele ya watu arobaini akabashiri lile la kwanza. Alisema kwenye mchoro, chini ya mlima mkubwa wa mwitiko, ambao kila mtu anaujua, kutakuwa na kilima kidogo, na kwamba kilima hicho kitakaa kwenye ngazi ya nishati ya tisa nukta sita. Wabashiri wengine wawili walikwisha kusema kumi na moja. Mimi niliganda kwenye kiti. Jibu langu, ambalo tulikuwa tunalijua watu wanne tu, lilikuwa tisa nukta sita. Lilikuwa ndani ya kompyuta yangu, na kompyuta yangu hulala juu ya kabati la chumba tunamolala wote wawili.

Dwight Osterman, mmoja wa wale wanne, alinisubiri kwenye ngazi.

"Mchumba wako ana bahati sana," alisema.

"Ni hesabu, Dwight."

"Sawa, hesabu. Miaka ishirini na mbili nipo hapa, sijaona mbashiri anapiga katikati ya shabaha namna ile. Nyumbani mnaongea nini nyie wawili, hali ya hewa?"

Nilicheka ili aende zake. Akaenda zake, maneno yakabaki.

Tulirudi nyumbani gari moja. Davor alikuwa na furaha, anapiga ngoma kwa vidole kwenye mapaja, anataka tupite tununue samaki. Nilimtazama kwa pembeni, lile shavu lenye kovu dogo alilolipata utotoni kwa kuanguka na baiskeli, nikajikuta najiuliza kama namfahamu. Ningeweza kumwuliza pale pale. Sikumwuliza. Tulinunua samaki.

Tangu hapo nikaanza kumwangalia. Na mtu ukishaanza kumwangalia, hukosi la kuona. Zilikuja simu kutoka kwao, Zagreb. Zamani alikuwa akizungumza na mama yake huku anakata vitunguu, simu ameibana begani. Simu hizi mpya alitoka nazo nje, kwenye baridi, bila koti, akasimama ndani ya banda la gari na kuufunga mlango. Nikimwuliza ni nani, anasema mama tu. Siijui lugha yao zaidi ya salamu na majina ya vyakula, lakini sauti ya mtu anayeongea na mama yake naijua. Hii ilikuwa sauti ya adabu, ya kuchagua maneno. Ya kuongea na mkubwa, au na mwanamke anayebembelezwa. Sikujua ipi.

Nikapeleka moyo wangu kwa baba.

Baba yangu, Veikko Rautio, ni mtu wa kaskazini kabisa ya jimbo hili, kwenye theluji ya kufika dirishani. Alikuwa fundi wa karakana ya maabara yetu hadi alipostaafu, na vyombo vingine ninavyopimia leo alivichonga yeye. Haongei sana. Ndiye aliyemgundua Craig, mume wangu wa kwanza, aliyenidanganya miaka miwili kwamba kila wiki anakwenda Detroit kikazi. Baba alitazama tu matairi ya gari lake. Akaniambia gari linalokwenda Detroit kila wiki halibaki na matairi mapya namna ile. Mwanamke mwenyewe aliishi mitaa mitatu kutoka kwetu.

Kwa hiyo nilipoketi jikoni kwake, nilikuwa natafuta pua yake zaidi ya huruma yake. Alinikatia mkate wa iliki, akamimina kahawa, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Huyu ana shida mbili," alisema. "Mkataba wake unaisha Agosti, na ruhusa ya kuishi hapa inaisha nao. Na bado hajawa na jina. Kwako anapata dawa ya zote mbili."

"Ananipenda, Baba."

"Inawezekana. Hata Craig alikuwa anakupenda siku za Jumatatu."

Akanisimulia jinsi karakana ilivyokuwa ikipoteza vifaa, miaka ya nyuma. Badala ya kumshutumu mtu aliacha koleo jipya juu ya meza, lenye alama yake chini ya mpini, akasubiri. Siku ya tatu alikuwa anajua. Akasema nami nifanye hivyo hivyo, nimwekee Davor namba isiyo ya kweli, nione anakwenda nayo wapi.

Nilimwambia ni jambo la aibu kumfanyia mtu unayetaka kuolewa naye. Baba akasema aibu hupita upesi kuliko ndoa mbaya, kisha akanifungia mkate uliobaki nende nao.

Nafasi ilikuwapo. Alhamisi ya wiki iliyofuata kulikuwa na mkutano, wageni wanatoka maabara tatu. Saa nne Davor angetangaza ubashiri wake wa bati la pili. Saa tano mimi ningetangaza kipimo. Jibu la kweli lilikuwa nane nukta tisa. Kwenye karatasi ya uongo nikaandika saba nukta mbili, na kilima nikakirefusha mara tatu ili akikitaja isiwezekane kusema amebahatisha. Akisimama Alhamisi akasema saba nukta mbili, basi.

Alitoka bafuni anakausha shingo. Mimi nilikuwa nimempa mgongo, naosha kikombe ambacho tayari kilikuwa safi. Nikasikia bakuli linainuliwa. Nikasikia karatasi. Halafu kimya, kirefu kuliko kimya cha mtu anayechagua chungwa.

"Unataka mayai?" aliniuliza hatimaye.

Nikageuka. Bakuli lilikuwa mahali pake, lakini karatasi sasa ilikuwa imesukumwa ndani yote, haionekani hata ncha. Alinibusu begani akaenda kwenye friji. Kwa mara ya kwanza tangu tukutane, busu lake lilinipita kama la mtu mwingine.

Jumapili hakuimba. Alisafisha theluji mlangoni, akapika, akaniuliza mara mbili kama nimelala vizuri. Nilimfuma akinitazama kwenye kioo cha sebuleni, akageuza macho haraka. Nilijua macho yale. Craig alikuwa nayo.

Jumatatu jioni, yeye akiwa anaoga, nilifungua mkoba wake. Sijivunii. Ndani kulikuwa na kurasa nne za hesabu za penseli, mwandiko wake ule wa kulalia kushoto, na katikati ya ukurasa wa pili, imezungushiwa duara mara mbili, saba nukta mbili.

Nilirudisha kila kitu kilivyokuwa. Tulikula. Aliniambia supu ni tamu. Nikasema ahsante.

Jumanne niliondoka kazini mapema, saa tisa alasiri, kwa sababu nilikuwa naandika sentensi moja ileile tangu asubuhi. Nilikuta gari lake nyumbani. Alikuwa ameketi kwenye meza ya jikoni, koti bado mwilini, na ile karatasi iko mbele yake.

"Kaa, Aili."

"Nitasimama."

Alikubali kwa kichwa. "Nimeisoma hii. Jumamosi. Niliinua bakuli, nikaiona. Ningeweza kukuambia niliona kidogo tu. Niliisoma yote, mara mbili."

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya Alhamisi. Sikuwa na ya siku hiyo.

"Najua," nikasema. "Nimeona namba zangu kwenye mkoba wako."

"Umepekua mkoba wangu?"

"Wewe umesoma karatasi yangu."

Aliisukuma karatasi kuelekea kwangu, kwa kidole kimoja.

"Basi nisikilize kwanza, halafu unifukuze. Hizi namba haziwezekani."

"Haziwezekani vipi?"

"Jumla yake. Ukijua kiini kina protoni ngapi na nyutroni ngapi, unajua kitaitika kiasi gani kwa ujumla. Kinaweza kuigawa jumla hiyo kinavyotaka. Kuizidi kidogo hutokea. Hapa, ukijumlisha kilima chako na ule mlima mkubwa, umeizidi kwa karibu nusu nzima. Nimerudia mara nne. Nilidhani nimekosea mimi." Alikuwa anaongea haraka, kama daktari anayeogopa kupoteza ujasiri. "Kuna chombo chako kinahesabu kitu kimoja mara mbili. Kitafute kabla ya Alhamisi. Ukisimama na mchoro huu mbele ya wale wageni watakumaliza, roho yangu. Na Osterman atakaa kimya awaache."

Nilivuta kiti nikakaa.

"Kwa nini unaniambia?"

"Swali gani hilo?"

"Kwa nini unaniambia, Davor? Sharti unalijua."

Alivua miwani akaiweka juu ya meza. Bila miwani anaonekana mdogo, kama mtu aliyeamshwa.

"Nimejiuliza siku tatu. Nikikuambia, utajua nimevunja sharti. Utarudi nyuma hadi Februari, utasema basi na ile aliiba. Na mimi sina la kujitetea, sina shahidi, nina neno langu tu. Nikinyamaza, nitakaa kwenye kiti Alhamisi nikikutazama unaaibika. Nikaona bora unishuku."

Niliichukua ile karatasi. Ilikuwa kweli. Nilipokirefusha kile kilima kwa uongo sikukumbuka kuupunguza mlima mkubwa upande wa pili. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona. Miaka kumi na moja napima viini, na haraka ya kumnasa mtu ilinifanya nisahau kujumlisha.

"Ni za uongo," nikasema.

"Ndiyo, nimekuambia, chombo..."

"Chombo hakina shida. Nilizitunga. Ijumaa, ofisini. Nikaziweka pale uzione."

Hakuelewa mara moja. Niliuona ufahamu ukimfikia taratibu. Alitazama karatasi, kisha bakuli.

"Na machungwa?"

"Na machungwa."

"Nilishangaa. Huwa hununui machungwa."

Laiti angepaza sauti. Baba yangu hupaza sauti, hata Craig alipaza, na mtu akipaza sauti unajua pa kusimama. Davor alivaa miwani yake, akaikunja karatasi mara mbili, vizuri, kama barua.

"Ungeniuliza, Aili. Siku ileile, ndani ya gari. Davor, ulichungulia? Maneno mawili."

"Craig nilimwuliza. Alinijibu vizuri sana."

"Mimi siitwi Craig."

"Najua."

"Hujui. Umelala na mimi wiki tano, umekula chakula cha mkono wangu, umeniacha nikuvue viatu ukitoka kwenye baridi, na muda wote unasubiri niibe. Ungenikuta nimesema saba nukta mbili, ungefanyaje?"

"Ningekwenda kwa wakuu."

"Na harusi?"

Niliyatazama machungwa. Alikubali tena kwa kichwa, kama mtu aliyepewa namba aliyoitarajia.

Nilifungua mdomo nimwambie jibu la kweli. Nilitaka nimpe kitu, chochote, na hicho ndicho kitu cha thamani nilichokuwa nacho. Alinyoosha mkono akanizuia.

"Usiniambie. Alhamisi nitasema namba niliyokuwa nayo kabla ya Jumamosi. Ikiwa sawa, sawa. Ikiwa kosa, kosa."

Akaenda chumbani. Alitoka na sanduku moja kati ya yale mawili, akaniambia atakuwa kwa rafiki yake wa ofisini hadi mkutano upite. Mlangoni alisimama akashika fremu, nikadhani atageuka. Alikuwa anapandisha zipu ya koti.

Jumatano nilikwenda kwa baba. Nilimweleza yote, hata habari ya jumla. Aliielewa haraka, maana mafundi wanaelewa mizani. Alichukua visu vyake akaanza kuvifuta kwa kitambaa.

"Nilikuwa sahihi kwa Craig," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Inaonekana nimeendelea kuwa sahihi baada ya muda wangu kuisha." Akaweka kisu chini. "Lakini zile simu?"

Nilikuwa nimezisahau. Mtu asiyeiba namba anaweza kuficha kitu kingine, na baba alikuwa ananitazama akijua kwamba nimelifikia wazo hilo sekunde ileile.

"Safari hii," alisema, "mwulize."

Alhamisi ukumbi ulijaa. Davor alipanda saa nne kamili, amevaa shati la bluu lisilopigwa pasi. Nilikaa nyuma kabisa. Alieleza milinganyo yake kwa utulivu, akaonesha ule mlima mkubwa, kisha akafika kwenye kilima. Aliweka kidole juu ya ukuta, kwenye mchoro.

"Nane nukta moja," alisema.

Jibu langu lilikuwa nane nukta tisa.

Wengine hawataona tofauti. Kwa sisi tulio kwenye kazi hii, alikuwa amekosea waziwazi. Nililijua hilo saa nzima kabla ya kila mtu, nikamtazama anajibu maswali, anatetea namba yake kwa nguvu zote, anachora ubaoni, anafutia vumbi la chaki kwenye suruali. Hakunitazama hata mara moja. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda kwa saa ile, na sikuwa na ruhusa ya kumfanyia lolote.

Nilipopanda mimi na kuonesha kipimo, kulipita mnong'ono kwenye viti. Nilimtafuta kwa macho. Alikuwa ameegemea mbele, mikono chini ya kidevu, anatazama mchoro wangu, na uso wake ulikuwa unafunguka kama wa mtu anayesoma habari njema kutoka mbali.

Wakati wa chai Dwight alinisogelea na kikombe chake. Akasema kumbe ile ya Februari jamaa alibahatisha. Nikamwambia hapana, ile ya Februari alipiga hesabu, na hii pia alipiga hesabu, na kwamba kama ana neno jingine juu ya Davor Mikulić alipeleke kwa Davor Mikulić. Akanywa chai yake.

Nilimkuta Davor kwenye uwanja wa magari, amesimama kando ya gari langu. Theluji ya Machi ilikuwa inayeyuka, maji yanapita chini ya matairi. Nilifungua milango, tukaingia, tukakaa bila kuwasha injini.

"Nimekosea kwa nukta nane," alisema. "Hesabu yangu inalegea nyutroni zikizidi. Sasa najua pa kutazama." Alikuwa na furaha ya kweli, akajaribu kuificha kwa heshima ya hali yetu. Kisha ikamtoka usoni. "Una swali. Tangu Jumamosi unalo. Pengine tangu zamani. Uliza."

"Simu zile ni za nani?"

"Za mkuu wa idara, Zagreb. Wamenipa kazi. Naanza Septemba."

"Umekubali?"

"Nimekubali."

Nilishika usukani ingawa gari halikuwa likienda popote.

"Umekubali kazi ng'ambo ya bahari, wiki chache kabla ya kunioa, na hukuniambia."

"Ndiyo."

"Basi nilikuwa sahihi kukushuku."

"Ulikuwa sahihi kwamba naficha. Ulikosea ninachoficha."

Nilimwambia hilo halinisaidii. Akasema anajua. Nikamwuliza sababu, na nikamwambia asiipambe. Akasimulia kwamba siku ya Krismasi, wakipasua kuni nyuma ya nyumba, baba alimwuliza ana kwa ana kama ananioa ili apate karatasi za kuishi hapa. Alimjibu hapana. Aliporudi ndani alijiuliza mwenyewe.

"Na jibu halikuwa hapana nzima," alisema. "Sehemu kubwa ilikuwa hapana. Kidogo ilikuwa ndiyo. Nilichoka, Aili, kila mwaka kuhesabu miezi iliyobaki. Niliposikia kidogo ile ndani yangu, niliona aibu. Nikaandika nyumbani kuomba kazi. Nilitaka nikikuoa, iwe sina ninachokipata zaidi yako."

"Na mimi je? Mashine yangu iko hapa. Baba yangu yuko hapa. Ulinipangia nini?"

"Sikukupangia. Niliogopa kukuuliza kama utakuja, nikijua utasema hapana. Kila simu nilijiambia nitakueleza ikiisha."

Jibu lile liliniuma, na niliacha liniume. Watu wanaoniongopea huwa wananipa majibu mazuri. Hili lilikuwa baya, limejaa uoga wake na hesabu zake, na hakuna mtu angelitunga ili kujiokoa.

Nilimwambia harusi ya Mei siiwezi. Akasema hata yeye haiwezi, bado akifunga macho anaona bakuli. Nikamwambia mashine huzimwa kwa matengenezo kuanzia Septemba hadi mwisho wa Novemba, na kwamba miezi hiyo naweza kwenda naye Zagreb, nikamwone mama yake, nikaone anaishije mtu huyu anapokuwa kwao. Zaidi ya hapo sikuahidi.

"Inatosha," alisema.

"Usiseme inatosha kama haitoshi."

Alifikiri. "Haitoshi. Lakini naitaka."

Nilimpa mkono wangu, akaushika kwa mikono yake miwili kama alivyozoea, akaupuliza pumzi ya joto. Nikamwuliza kama atarudi nyumbani jioni hiyo. Akasema bado. Nikamwuliza ni lini. Akasema hajui, labda Jumapili. Nikamwuliza kama amenisamehe, akasema hapana, si yote. Vioo vilijaa ukungu, watu wakapita na mabegi yao kwenda kwenye magari yao, nasi tukabaki pale, mimi nauliza, yeye anajibu. Mengine sikuyapenda. Niliyaamini yote.